Mke Wangu Ameniombea Taa, Nami Nahitaji Giza

Mpendwa mshauri,

Jumapili baada ya misa, Papa Nkongolo, kiongozi wa shirika letu la parokia hapa Kamina, alitangaza kwamba taa ya sola tuliyopewa itasimamishwa mbele ya lango langu, na watu wakashangilia, na mke wangu Christelle akapiga vigelegele, nami nikashangilia pamoja nao, na tangu siku hiyo sijui nitasemaje bila kumwaibisha, ndiyo maana nakuletea shida yangu wewe.

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na ubatizo. Lakini jioni zisizo na mwezi naitoa kamera ile ile uani, naiweka juu ya miguu yake mitatu na kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo mbali kati ya nyota, ambayo jicho likibahatika huona doa hafifu tu, ila kamera huyaona kwa sababu kila picha naiacha wazi dakika mbili nzima, huku kifaa kidogo chenye mota kikiigeuza taratibu kufuata anga ili nyota zisiburuzike zikawa mistari, halafu kwenye kompyuta naziunganisha picha nyingi kuwa moja mpaka rangi nyekundu ijitokeze. Sasa nafuatilia nebula moja kubwa iliyo karibu na Msalaba wa Kusini, na wakati wake mzuri ni huu tu, kati ya mvua ya mwisho na moshi wa kuchoma majani, na kwangu inasimama juu ya lango hasa.

Ili macho yangu yazoee giza, nimeifunika torchi kwa kipande cha kitenge chekundu. Christelle alipouona mwanga ule mwekundu alidhani betri inakwisha. Hayo niliyajua Jumapili hiyo hiyo, tulipofika nyumbani.

“Nilichoka kukuona mu giza sawa mwizi, na lupango, uani yote hii, iko yako,” aliniambia. “Torche yako kila siku inataka kufa, na weye hausemi kitu. Njo maana nikasimama mbele ya bantu ba shirika, nikaomba taa.”

“Uliomba juu yangu?”

“Juu ya nani tena? Sasa utapiga picha yako bien, muzuri.”

Jirani yetu Émerence, mke wa mwanajeshi wa kambi, alikuwa ameomba taa hiyo iwekwe kwenye pompe, ambako wanawake huchota maji kabla hakujapambazuka, akashindwa. Jumatatu alipita na bidoni la maji kichwani. “Papa Chrispin, shiye tutaendelea kujikwaa ku pompe,” alisema, “weye utahesabu mpaka vidole ya miguu yako!” Alicheka, lakini hakusimama kusubiri jibu.

Usidhani nyumba yangu ina vita, tunaishi vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha, maana mwanamke amesimama mbele ya shirika zima kwa ajili yangu, je, nimwambie arudi akakikatae kitu alichokiomba, au ninyamaze niipoteze anga yangu?

Chrispin, Kamina

*

Chrispin,

Nimeongea na Cyprien, fundi atakayeisimamisha taa hiyo. Anasema shimo litachimbwa Jumamosi asubuhi, na nguzo ikishamwagiwa saruji haihamishwi. Una siku chache, nawe umeanza kuzitumia kuniandikia mimi badala ya kuongea na mtu mnayelala naye kitanda kimoja.

Pole. Kupewa zawadi usiyoitaka na mtu unayempenda si jambo dogo. Lakini katika barua yako yote hakuna mahali unaposema Christelle amewahi kuona hata picha moja iliyokamilika. Nilikupigia simu kuuliza. Ulijibu: “Siku ya kwanza alicheka, akauliza kama napiga picha ya giza. Njo maana nikanyamaza.” Amecheka mara moja tu, ukafunga mlango! Mji mzima una picha za harusi ulizopiga wewe, na mkeo hajaonyeshwa hii moja. Yeye alihukumu kwa alichokiona: mume amekaa gizani, torchi imefifia. Ulitaka afikiri nini?

Usiende kwa Papa Nkongolo kisirisiri. Ukienda, Christelle ataonekana aliomba ovyo, nawe utaonekana huna shukrani.

Wala usijidanganye kwamba shida hapa ni anga yako peke yake. Émerence ana haki. Anayebeba maji kabla ya mapambazuko anaihitaji taa kuliko lango lako, hata kama usingejua nebula ni kitu gani.

Jumatano mwezi unachelewa kutoka. Kukishaingia giza, weka viti viwili uani. Mwonyeshe kwanza picha kwenye kompyuta, halafu mwelekeze mahali penyewe angani. Mpe torchi, ukitoe kitambaa, aone betri ni nzima. Kisha mwache abonyeze kamera kwa kidole chake, na zile dakika mbili mkae. Usimfundishe. Mkimaliza mwambie mambo mawili: asante kwa kuniombea, na taa hiyo itaifuta picha hii. Anza na lolote, lakini usiache hata moja.

Akikuelewa, wazo la pompe litoke kwake. Cyprien anasema pompe iko nyuma ya ukuta wa shule, mwanga wake hautafika uani kwako, na kwamba anaweza kuifunika taa upande wa juu ili mwanga uanguke chini tu. Akikataa, ana haki, naye anaishi hapo na lango ni lake pia. Basi pokea taa, shukuru, na jioni zisizo na mwezi ubebe kamera yako uende shambani kwa wakwe zako, barabara ya Kaniama. Kule hakuna nguzo hata moja.

Shirika linakutana Alhamisi, saa kumi jioni, kwa Papa Nkongolo. Akikubali taa ihamishwe, atakayesimama kusema ni Christelle, si wewe.