Mstari Mrefu wa Kianjokoma

Mpendwa Muthoni,

Nyumbani tu wazima, na ng'ombe amezaa. Umeuliza kama mtu wa kawaida aweza kuwashinda wakubwa katika siasa za hewa ya ukaa.

Miaka ya tisini, nikiringia digrii yangu mpya, niliwahutubia wakulima wa chai hapa Kianjokoma kuhusu hewa ya ukaa, ili kiwanda chetu kisiendelee kuchoma miti ya msituni. Mwenyekiti wa kiwanda akacheka. "Kijana, hiyo hewa ya ukaa umeiona wapi?"

 Mama mmoja mchuma chai akasimama. "Mwenyekiti, mimi nimeona mto ukikauka. Anayetaka msitu ubaki, apange mstari nyuma yangu!"

Siku hizo tulipiga kura kwa kupanga mstari, na wake ulifika barabarani. Kiwanda kikakubali kupanda chenyewe miti yake ya kuni. Sijapata kushinda hoja kwa furaha kama siku ile niliposimama mkiani mwa mstari wake.

Babu yako