Kibao cha Kamaliza

Jumatatu, 6 Oktoba 1969

Mvua tangu alfajiri. Darasa lote linanuka makoti mabichi na moshi wa kuni. Lakini nina furaha – maharagwe niliyopanda nyuma ya nyumba yameota yote!

Directeur Séraphin ametukusanya walimu wa shule yake. Sheria mpya: kila mtoto apewe devoir – kazi ya nyumbani – kila siku, hata wadogo wa mwaka wa pili. Atakayekosa mara tatu anarudishwa kwao mpaka baada ya Noeli. Nikauliza: na mtoto mwenye kazi jioni? Akasema devoir nayo ni kazi. Haya.

Nimepata devoir nzuri, isiyohitaji kitabu. Kila mtoto ahesabu wanyama wa kwao – kuku, mbuzi, ng'ombe – aandike kwenye kibao chake. Najisifu kidogo. Kwetu, kijijini Ntoto, mama alitufundisha hesabu kwa mbegu za maharagwe. Nani atashindwa?

Jumanne, 7 Oktoba

Vibao vyenyewe! Callixte ameandika kuku kumi na mmoja, kisha akafuta mmoja – walikuwa wamemla. Nimecheka mpaka machozi.

Aliyeshindwa ni Kamaliza tu. Binti wa Papa Rukara, mfugaji wa kule juu malishoni. Kibao kitupu! Na ndiye hodari wa hesabu kuliko wote. Nikamuuliza kama alisahau. Hapana. Kama alikuwa anakamua. Hapana. Anaangalia miguu yake. Nimempa devoir ileile, arudie.

Jumatano, 8 Oktoba

Kitupu tena. Nikakasirika, nikamsimamisha mbele ya wote. Hakulia. Sasa amebakiza mara moja.

Céline, mwanafunzi jirani yao, akaninong'oneza: Papa Rukara anasema kibao hakitoi maziwa. Mtoto akirudishwa nyumbani, hataletwa tena, Noeli ipite isipite. Hapo hasira ikaniisha. Mtoto mwenye kichwa kama kile!

Baada ya masomo nikapanda mpaka kwao, matope hadi magotini. Mama Daphrose, mama yake, akanipa maziwa kabla ya kuuliza habari. Nikamweleza ile devoir. Akacheka polepole.

– Mwalimu, ngombe sisi hatuhesabu. Ukihesabu, unaita kifo. Kila moja iko na jina yake. Kama moja haiko, tunajua.

Aibu gani! Mimi mtoto wa wakulima, ningejua wapi? Kwetu asiyehesabu mbegu ndiye mvivu. Na Kamaliza masikini, angemwambiaje mwalimu wake kwamba anamtuma kuua ng'ombe za baba? Kuuliza si ujinga – lakini mimi niliuliza kwa ukali, mbele ya watu, na kwa ukali hujibiwi.

Papa Rukara akaingia na fimbo yake. Akanisalimia vizuri. Akasema jioni mikono ya binti yake ni ya maziwa, si ya chaki. Nikamwambia Kamaliza: devoir mpya, usihesabu kitu, andika majina.

– Majina ya nani? akauliza Papa Rukara.

Nikasema: ya ng'ombe zako, Papa. Akaegemeza fimbo ukutani. Hakutoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kamaliza hakuja. Mvua kubwa. Directeur amepita na kuuliza kama hiyo ni mara ya tatu. Nimesema tungoje kesho. Nimepalilia maharagwe na, kwa mawazo, kung'oa mawili mazima.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wamekuja! Naandika haraka, ni récréation, watoto wako mapumzikoni.

Papa Rukara mwenyewe kamleta. Kibao amekificha ndani ya koti, amekishika kwa mikono miwili kama chombo cha maziwa, mvua isikiguse. Kumbe jana mvua ilikifuta njiani, Kamaliza akarudi nyumbani analia. Baba akamwambia aandike upya. Akakaa naye karibu na moto. Binti anasoma, baba anasikiliza, na jina likikosekana, anasema. Bihogo, Gaju, Bugondo... kibao kimejaa pande zote mbili! Chini kabisa wameacha nafasi. Kuna ndama amezaliwa jana usiku, bado hana jina. Nilitaka kulia kwa furaha, nikajifanya natafuta chaki.

Ndipo Directeur akaingia. Akatazama kibao, akasema hii si hesabu, inspekta akija atamwonyesha nini? Labda, akasema, tukiweka nambari. Akaweka kidole juu ya Bihogo, akaanza: un, deux...

Kamaliza akafunika kibao kwa kiganja chake. Hakukigusa, asifute chaki – kiganja hewani tu, juu ya majina. Mtoto ambaye hathubutu kunijibu mimi!

Nikasema: Directeur, nitakueleza. Akasema twende ofisini baada ya récréation, wote, na kibao. Hajasema devoir imekubaliwa. Hajasema imekataliwa. Nimeshapanga maneno yangu, na sitaogopa.

Kamaliza na baba yake wako hapa nje wananingoja. Papa Rukara hata hamtazami Directeur aliyesimama uani na kengele mkononi. Ameinama dirishani kwangu, kofia inachuruzika maji.

– Mwalimu, na devoir ya kesho iko nini?