Mwaka Tulioutoa Kwenye Wastani

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na binti yangu mkubwa amemaliza sekondari, alikuwa anaomba chuo cha uuguzi kwa simu yangu, tumekaa kwenye benchi la karakana, na walipotaka wastani wa alama za miaka yote minne tukapiga hesabu ukatoka sitini na tatu, kumbe chuo kinataka sitini na tano, basi nikamwambia atoe kidato cha pili, mwaka ule si wa kuhesabu, akasita, nikamkaripia kwamba anajifanya mwema kuliko baba yake, akaandika sitini na nane, na sasa wamemkubali ila wanataka shule iwatumie alama zote moja kwa moja.

Kidato cha pili ndio mwaka niliohama nyumbani nikaishi na mwanamke mwingine, mama yake akaugua, mtoto akawa anapika, anaogesha wadogo zake, anaenda shule na usingizi. Nilirudi, mama yake akanisamehe, na mwaka ule hatuutaji. Juzi nikasema labda nimwone mwalimu mkuu azirekebishe zile alama kidogo, binti akanitazama akasema, "Baba, mwaka ule ndio niliojitahidi kuliko yote." Tangu hapo kazi haishikiki, geti la mteja nimelichomelea kichwa chini. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Majuto

Fundi, pole, ila pole yangu isikulevye. Mwalimu mkuu mwache kabisa. Mwaka uliokuwa unaufuta pale benchini ni wako, ukamshikisha mtoto kifutio, halafu ukamkaripia kwa kusita. Aibu hiyo unaistahili.

Funga karakana kesho asubuhi, nendeni wote wawili ofisi ya udahili kabla alama hazijafika. Yeye aseme wastani wake ni sitini na tatu. Wewe useme ni nani aliyemwambia autoe mwaka ule na kwa nini, bila kulainisha maneno. Wanaweza kumnyang'anya nafasi, sikufichi. Wakimnyang'anya, ataomba mwakani chuo kingine kinachopokea wastani wake halisi, na ada ya kuomba utatoa wewe bila kununa.

Lakini leo, ukifika nyumbani, mwite mkae, umwombe radhi kwa kuwaacha. Hajawahi kukusikia ukikiri uliyoyafanya mwaka ule, na si haki ayasikie mara ya kwanza ukimwambia karani.