Mama Bila Kitambaa

Mama,

Leo nimechoka, kwa hivyo usitarajie mengi. Nimetoka kuchuma kahawa, nikapika, nikamlisha Baba, ndipo nikaketi. Sasa najua kwa nini ulikuwa ukirudi shambani hutaki kusemeshwa.

Tangu tukuzike, Baba amezidi kusahau. Kaka Mwenda aliikuza ile picha yako ya chama cha akina mama kanisani, sare imenyooka, kitambaa cha kichwa kimekubana hadi nyusi zikapanda, akaitundika sebuleni. Kila asubuhi Baba anaitazama na kuniuliza, "Huyu mgeni amepewa chai?" Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi naenda nyuma ya nyumba nalia.

Nikakumbuka michoro yangu. Penseli yangu uliizoea kama ulivyozoea kuku kupita jikoni. Nilikuchora ukichagua mawe kwenye maharagwe, ukisinzia mdomo wazi, ukijikuna mgongo kwa mwiko. Ulikuwa unasema tu, "Kendi, kama huna kazi menya viazi," wala hukujifunika. Nikautoa ule mchoro wa jioni moja msimu wa kahawa: umeketi kwenye kigoda, kichwa wazi, nywele zimesimama, sketi juu ya magoti, miguu ndani ya karai.

Mwenda alipouona alikasirika. "Mama hawezi kaa kwa ukuta hivyo. Wageni wakikuja watasema nini?" Sikumlaumu. Hapa Githongo mama wa kanisa haonekani kichwa wazi hata na fundi wa paa. Lakini sikuwa na nguvu ya kubishana, nikauweka tu mapajani mwa Baba.

Aliushika muda mrefu. Kisha akasema, "Mwambie asimwage hayo maji. Na mimi nioshe miguu."

Mama, miaka yote niliyokuchora sikujua wewe na Baba mlikuwa mkioshea miguu maji yale yale. Nilikuwa nikikunja karatasi na kwenda kupika kabla zamu yake haijafika. Imeniuma, na imenifurahisha pia. Mwenda alitoka nje, na hajalitaja tena jambo hilo. Mchoro uko chumbani kwa Baba, upande wa kitanda uliokuwa ukilalia. Wageni hawafiki huko.

Kwaheri, Mama. Pumzika, kahawa tutaichuma. Naahidi kumpashia Baba maji moto kila jioni, na nitakuwa nikinawa miguu mimi kwanza, kwa sababu maji mapya anayakataa.

Kendi wako