Michi Yetu Katika Ushindi wa Mulembo

Lubumbashi, Jumapili, tarehe 9 Juni

Mama yangu mpenzi,

Naapa kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale ambayo Mjomba Gaspard angependa kuyaruka anapokusomea. Mjomba, nakusalimu kwa heshima, lakini wewe ni katekista na unapenda kulainisha maneno. Leo usilainishe kitu.

Mama, bega lako linaendeleaje? Mdogo wangu Kadogo ameota meno? Mihogo imekauka vizuri? Mimi ni mzima. Tantine Odile ananilisha vizuri nyumbani kwake hapa Kampemba, na kazi pia ananipa vizuri: kabla ya shule nambebea samaki wake wakavu mpaka sokoni. Katika Kifaransa nimewapita hata watoto waliozaliwa hapa mjini. Furahi kwa hilo kwanza, kwa sababu yanayofuata hayafurahishi.

Unalikumbuka shindano la vijiji, lile la kutafuta kijiji ambacho watu wake wanaishi kwa umoja kuliko vingine. Zawadi ni mashine ya kusaga unga. Nilikuwa naiomba kwa Mungu iende kwetu Kifumbe, upumzishe hilo bega. Basi, Ijumaa kwaya ya shule yetu iliitwa kuimba siku ya kutangaza mshindi. Sista Béatrice aliniweka mstari wa mbele, kwa kuwa ni mimi tu ninayetoka upande ule.

Wakatangaza Mulembo. Majirani zetu, Mama! Tukawaimbia wimbo wa sifa, nami niliimba kwa adabu, maana kushindwa si dhambi. Kisha wakazima taa, wakaonyesha filamu ukutani. Nikaona uwanja wa chifu wa Mulembo, vinu vimepangwa mstari mrefu, wanawake wanatwanga, michi inapanda na kushuka pamoja. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Hapo nikaona kitenge chenye kasuku. Nikaona Kadogo amelala mgongoni. Mama, mwanamke yule ni wewe! Pembeni yako ni dada yangu mkubwa, Yaya Georgette, na nyuma yake mke wa Mjomba Gaspard. Nilitafuta sura moja ya Mulembo kwenye vinu vile, sikuipata.

Ndipo nilipokumbuka habari aliyoniletea Baba Donat, dereva wa lori la makala: kwamba Mulembo waliwaita kumaliza kilio cha bibi yao Ngoie, nanyi mkaenda wote na vinu vyenu, wanaume wakabeba kuni. Ndiyo desturi yetu. Wafiwa wanakaa, jirani anatwanga. Lakini bibi Ngoie alizikwa tangu wakati wa mvua. Mbona kilio chake kilingoja mpaka siku ambayo watu wa kamati ya shindano wanakuja na kamera?

Taa zikawashwa, mkubwa wa kamati akasimama. Akasema, "Siku ile ile, mchana, tulifika kijiji kingine. Jina silitaji, nisiwatie haya. Hatukukuta hata mtu wa kutupatia maji. Tulipokelewa na mbuzi!"

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mama, kijiji hicho ni chetu. Mlikuwa hampo kwa sababu mlikuwa kwa jirani, mnamtwangia unga wa kilio. Kwa tendo hilo Mulembo wamepewa mashine, na sisi tumepewa kicheko.

Nilipotoka nilimkuta mke wa chifu wa Mulembo, Mama Julienne, mlangoni, amefunga kitenge kipya.

"Eh, mutoto ya Anastasie! Umekonda hivi, mu Lubumbashi hakuna bukari ya kukula?"

"Bukari iko, mama. Ile mama mwenye kutwanga mu filamu, ni mama yangu."

"Sasa nilikatala? Alikuya, alitwanga. Picha haidanganyake."

"Lakini hamukusema ni bantu ba Kifumbe."

"Hakuna muntu alituuliza." Akanipapasa shavu, mbele ya wenzangu, kama ninavyompapasa Kadogo. "Usikasirike, mwanangu. Mashine ikifika, mama yako akuye na kikapo yake. Tutamupokea. Si unaona, siye tuko bantu ba umoja?"

Wenzake wakacheka. Nikashika njia ya Kampemba.

Nilipomwambia Tantine Odile, alicheka kwanza, halafu akakasirika kuliko mimi. "Bale ba Mulembo? Hata kuku yabo inatagaka kwa jirani, halafu inakuya kupiga makelele kwabo!"

Mama, wewe ulinifundisha nisiweke neno moyoni. Hili nimeliweka. Leo kwenye misa, tulipofika "kama nasi tunavyowasamehe", nilifunga mdomo, nikaufungua tena tulipofika "amina". Mjomba, nimesema usiruke.

Nataka hivi. Nataka lori lenye mashine lifike Mulembo wakati wamejipanga barabarani kwa vigelegele, Mama Julienne mbele na kile kitenge chake. Lipunguze mwendo, wasogee, waanze kucheza. Kisha lisisimame. Liwapulizie vumbi, livuke daraja, liende Kifumbe. Na nataka Mama Julienne avuke daraja hilo hilo na kikapu chake kichwani, nawe umpokee kwa upole, umpapase shavu. Na siku kifo kitakapoingia tena Mulembo, nataka michi yote ya kwetu ibaki imeegemea ukuta. Watwange wenyewe, tuwaone kama mikono yao inajua.

Jana nilimweleza Sista Béatrice. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unataka haki, ao unataka kubaona banalia?"

"Yote mbili, ma sœur."

Nilidhani atanipa adhabu. Hakunipa. Alisema mashine bado iko hapa mjini, na mkubwa wa kamati atapita shuleni kabla haijapakiwa. Anaweza kunisimamisha mbele yake niseme: mwanamke yule ni mama yangu, na wale ni watu wa Kifumbe. Alisema kijiji ambacho kinaacha nyumba zake wazi ili kumtwangia jirani mwenye kilio, hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Moyo wangu uliruka, Mama. Niliona kabisa mashine iko chini ya paa letu, na wewe umekaa, umekunja mikono.

Lakini kuna jambo moja, na Sista ndiye aliyeniambia nikuulize kwanza. Katika filamu, bibi mmoja wa kamati anainama karibu na kinu chako, anakuuliza kitu. Unasimamisha mchi. Unajifuta uso. Unamjibu kwa maneno machache, na wanawake wote wanacheka, hata Yaya Georgette. Sauti haisikiki, wameweka wimbo juu yake. Kama ulimwambia mnatoka Kifumbe, basi kamati walijua na wakanyamaza, nami nitasema mbele ya shule nzima bila kutetemeka. Lakini nakujua, Mama. Hukubali kumwaibisha mfiwa nyumbani kwake. Kama ulimwambia ninyi ni watu wa pale, nikifungua mdomo sitamchoma Mama Julienne. Nitakufanya wewe mwongo.

Baba Donat anaondoka kwenu kurudi huku Alhamisi. Mpe jibu, hata neno moja.

Msalimie bibi yangu aliyenifundisha nyimbo, umwambie bado naziimba. Msalimie Yaya Georgette na mume wake mvumilivu. Kadogo umbusu kwenye shavu ambalo halina makamasi. Mjomba Gaspard, asante kwa kusoma, na mke wako mwambie asante kwa kutwanga vizuri vile mbele ya watu wasiomjua.

Na mimi, binti yako Félicité, niliyefunga mdomo leo kanisani na sijui kama niufungue shuleni, nauliza tu: bibi yule alikuuliza nini, Mama, na wewe ulimjibu nini?