Mapipa Niliyoyafunga

Jumanne, Mitunguu. Joto tangu asubuhi, na hakuna upepo.

Tafadhali, wewe unayesoma, usimwambie mtu neno hata moja. Nipe mpaka kesho niseme mwenyewe.

Mimi ni karani wa kikundi cha akina mama wanaotengeneza siki kwa ndizi mbivu zilizokosa soko. Stoo iko nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Mama Makena. Mwezi uliopita niliogopa nzi. Nikatoa vitambaa vilivyofunika mapipa, nikaweka vifuniko vya plastiki na kuvikaza mpaka viganja vikauma. Niliona nimefanya usafi.

Na chuoni Embu nilifundishwa vizuri. Sukari ya ndizi hugeuka pombe kwanza, kisha vijidudu vingine huigeuza pombe hiyo kuwa siki. Hivi vya pili huishi kwa hewa. Ukivinyima, kazi inakufa na pombe inabaki pombe.

Akina mama sikuwahi kuwaambia habari ya pombe. Niliogopa wangejitoa, maana wote ni watu wa kanisa.

Leo Mama Makena alifungua pipa, akanusa.

"Karani, hii si siki. Bwanangu alikuwa akirudi sokoni ananuka hivi hivi."

"Kumbe mwenyekiti unaijua," Mama Kendi akamtania. Wenzake wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. "Chifu anapita kesho kukagua pombe haramu. Wiki jana jirani alilala kituo cha polisi kwa sababu ya mapipa kama haya. Mimi nitasema nini?"

Wakaniangalia. Nikasema labda ndizi zilikuwa mbaya.

Ndizi ni zao. Walizibeba mgongoni. Mama Kendi aliinamisha kichwa akasema zake zilikuwa zimeiva kupita kiasi, wamsamehe.

Nikamwacha aombe msamaha.

Jioni hii nimerudi stoo, nimeondoa vifuniko vyote. Nimetia siki ya zamani iliyo na vijidudu hai, nikakoroga, nikafunika kwa vitambaa. Sasa vitapumua. Lakini siki itachukua wiki kadhaa, na chifu hatangoja.

Asubuhi nitaanzia kwa Mama Kendi, kisha mwenyekiti.

Kama uko huku na utakutana na chifu kabla yangu, mwambie asibishe kwa Mama Makena. Azunguke nyuma, kando ya zizi la mbuzi. Mlango wa stoo utakuwa wazi. Aulize karani. Aliyeyafunga mapipa ni mimi.