Sauti ya Friji

Shoga, jirani yangu anamwambia kila mtu eti leo nilisimama mbele ya kwaya nimelewa. Mimi! Nilewe na nini, maji ya bomba?

Sikiliza ilivyokuwa. Unajua mimi ndiye mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya, na sauti ya kuanzia huwa naichukua kwenye mngurumo wa ile friji ya soda pale ukumbini. Sijawahi kumwambia mtu ila wewe. Leo, siku ya mashindano, umeme ukakatika.

Friji kimya. Nikabahatisha.

Nikaanza juu mno. Juu mno, shoga! Kufika kiitikio wenzangu wakakauka sauti mmoja mmoja, nikabaki peke yangu nalia kama bata.

Mwalimu wa kwaya akaniuliza mbele ya watu wote, "Ulianza na key gani?" Kile Kiingereza chake cha sauti ya kuanzia. Nikasema ukweli, "Siku zote huanza na ya friji, mwalimu."

Ya friji! Hadi majaji walicheka.

Yeye hakucheka. "Miaka minne, kumbe tunaongozwa na friji." Daftari langu la nyimbo akampa binti wa fundi cherehani, mwenzetu wa kwaya, eti sasa yeye ndiye aanzishe.

Nimemwandikia ujumbe, "Mwalimu, naomba nibaki, hata mstari wa nyuma." Ameusoma tangu saa nane. Sasa hivi namwona yuko mtandaoni, na hajaandika kitu.